Ua Lililochanua Mbele ya Mashangazi

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nyumba ya baba yangu hapa Iyula ilinuka panya aliyekufa tangu asubuhi mpaka mchana, na panya mwenyewe hakuwepo. Naikumbuka kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimevaa suruali ya kuazima, nywele nimezichana mpaka ngozi ya kichwa inauma, nangojea watu waje waamue kama nitapewa mke au sitapewa. Mke huyo sasa yuko hapo barazani anachambua maharage. Ninapoandika namsomea kwa sauti, na tayari ameshanirekebisha. Anasema suruali haikuwa ya kuazima, ilikuwa ya baba yangu. Sawa, ilikuwa ya baba yangu, naye hakuwa ameniazima.

Nakuandikia haya kwa sababu ya jambo nililoliona Jumapili iliyopita. Ulikuja hapa kutoka Tunduma, wewe na wenzako, kuitazama mimea yangu na kuchukua vipande vya kwenda kupanda. Nafurahi sana mnapokuja. Zamani nilidhani ni mimi peke yangu niliyeumbwa na wazimu huu wa kupenda mimea minene, ile inayotunza maji mwilini na kuota mahali ambapo hata mbuzi hapati la kutafuna. Sasa nawaona vijana mnaipiga picha, mnabadilishana, mnagombana nani ana mshubiri usiopatikana kwingine, na moyo wangu unatulia kwamba nikifa makopo yangu hayatatupwa.

Lakini ulipokuwa umechuchumaa pale kwenye changarawe, simu yako iliita. Alikuwa baba yako, rafiki yangu wa miaka mingi. Ukamwambia uko mazoezi ya kwaya. Kisha kile kipande nilichokupa ukakiingiza chini kabisa ya mkoba, chini ya kitabu cha nyimbo. Mimi nilijifanya naondoa magugu. Ningekusema mbele ya wenzako ungeondoka na aibu na maneno ungeyaacha hapa hapa, ndiyo maana nikangoja nikae na kalamu.

Mimi ugonjwa huu ulinishika nikiwa na miaka ishirini na kidogo. Mjomba wangu alikuwa akipeleka mahindi Mkwajuni kwa lori, nami nilikuwa mpakiaji wake, nakaa juu ya magunia. Wewe unajua kwetu huku Mbozi tulivyo. Huku juu kuna baridi na mvua, na kila tunachopanda kinadai. Mkahawa unadai kivuli, samadi, palizi, kupogoa, dawa, na ukiukosea msimu mmoja unakununia misimu miwili. Nimelelewa nikiamini kwamba mmea ni kama mtoto mchanga, usipoubeba unakufa. Sasa tuliteremka kule bondeni kwenye joto, lori likapata pancha, nikaenda kukaa kwenye mwamba. Nikaona ndani ya ufa wa jiwe, mahali ambapo hakuna udongo wa kujaza kijiko, kuna mmea umekaa umenenepa, hauna shida na mtu. Nilicheka peke yangu. Sikuwahi kuona kitu kisichoniomba chochote.

Basi kila safari nikawa narudi na kitu. Nilikuwa na mishubiri ya madoadoa, nina minyaa midogo isiyozidi kidole gumba, nina waridi la jangwani lenye shina kama chupa. Niliipanda kwenye makopo ya mafuta ya kula na sufuria zilizotoboka, nikaipanga ukingoni mwa vichanja vya kukaushia kahawa, kwa kuwa pale ndipo penye jua la kutosha. Baba alikuwa akifika asubuhi kugeuza kahawa anayasogeza makopo kwa kiwiko, hasemi kitu. Mama alisema. Alisema, "Lameki, haya madude yako yatakuja kuniletea maneno." Na maneno yalikuwepo kweli. Hapa kijijini mtu akikusanya mimea asiyokula wala kuuza, watu humtafutia jina, na jina lililokuwa karibu lilikuwa mganga. Mama alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, akitoka ibadani anaulizwa kijana wake anatengeneza nini. Alikuwa anajibu, "Anatengeneza makopo." Hakunikataza hata siku moja.

Sasa nikueleze huo mmea wenyewe. Niliukuta Mbangala, kule kule bondeni, kwenye kivuli cha jabali, umelala kama rundo la vidole vya kijani vyenye meno laini ubavuni. Jani haukuwa nalo. Nilikata vidole viwili tu na mmea uliobaki wote nikauacha pale pale, na wewe naomba ufanye hivyo kila mara, usije ukang'oa mama wa mmea mahali alipozaliwa. Kidole cha kwanza nilikipanda nilivyofundishwa kupanda miche ya kahawa, nikakipa samadi iliyoiva, kivuli na maji jioni. Kiliyeyuka kikawa uji. Cha pili nikakiacha juani wiki nzima mpaka kidonda chake kikakauka, ndipo nikakichomeka kwenye mchanga na kokoto. Kikashika. Kwa miaka mitatu kikazaa vidole vingine, kikajaza kopo, lakini ua hakikutoa. Nilikuwa nakichungulia kila asubuhi kabla sijanawa uso.

Katika miaka hiyohiyo nilikutana na Tusajigwe kwenye mkutano wa kwaya. Alitoka Ileje, alikuwa anaimba sauti ya pili, na akicheka alikuwa anaziba mdomo kwa kitabu. Nilimwambia kila kitu changu, mwanangu. Nilimwambia nina shamba kiasi gani, nilimwambia nakoroma, nilimwambia hata kwamba niliwahi kufukuzwa shule siku tatu. Makopo sikumwambia. Nilijua nyumbani kwao ni watu wa kanisa na wenye msimamo, nikaona naye atanidhania mganga kama wengine. Nikasema moyoni nitamwambia tukishaoana, hawezi kuondoka kwa ajili ya makopo.

Katika ukoo wao, baba na wajomba hupokea barua ya posa na kujibu kwa heshima, lakini jibu lenyewe hutoka kwa mashangazi. Nao hawajibu mpaka wamekuja kukaa ndani ya nyumba ya mvulana, wakala chakula chake, wakachungulia jiko, na wakamtazama vizuri mama atakayekaa na mtoto wao. Tukaletewa habari kwamba watakuja watatu, Jumamosi.

Mama alianza kazi Jumatatu. Alisugua sakafu, akapaka chokaa, akafua mapazia, akatandika vitambaa vyake vya kufuma juu ya kila kitu kilichokaa kimya. Akaniambia, "Makopo yako yote nyuma ya banda la mbuzi. Sitaki hata moja lionekane." Nikayahamisha. Lakini ule mmea wa vidole, baada ya miaka mitatu, ulikuwa umetoa tumba. Tumba lilikuwa limevimba kama kifuko cha tumbaku, limefunga kwa juu, na ulikuwa unaliona kabisa kwamba halimalizi wiki. Ningeliwekaje karibu na mbuzi? Halafu nilitaka kuwepo likifunguka. Ijumaa jioni nikaliingiza kopo sebuleni, nikalisukuma chini ya meza ndogo ya redio. Meza ile ilikuwa na kitambaa cha mama kilichoshuka mpaka sakafuni pande zote. Nikaona nimefanya la akili.

Jumamosi nilipoamka nilisikia harufu, nami nikadhani ni panya. Baada ya chai nikafunua kitambaa nichungulie. Lilikuwa limefunguka. Mwanangu, nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile, na nilikuwa nimekitunza mwenyewe. Nyota ya pembe tano, pana kama kisahani cha chai, rangi ya ini bichi, na pembeni ina vinyweleo vinavyotikisika ukipumua. Nilifurahi mpaka macho yakalowa. Nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya akipewa ua, nikainama nikaingiza pua katikati.

Uliwahi kufungua ndoo ya utumbo iliyosahaulika siku tatu baada ya sherehe? Basi. Nilirudi nyuma nikagonga kichwa kwenye meza, redio ikaanguka, na wakati huohuo mlangoni kuna sauti za akina mama wanapiga hodi. Nikaachia kitambaa kikashuka. Nikasema karibuni.

Mkubwa wao alikuwa Shangazi Esta, mwembamba, ana fimbo na sweta la bluu lililofungwa vifungo vyote. Wa pili aliitwa Shangazi Rabeka, mnene, msemaji. Wa tatu sikumbuki kama alisema neno. Walisalimiwa, wakakalishwa kwenye viti vizuri, na viti vizuri vilikuwa vinatazamana na meza ya redio. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Nikaona Shangazi Rabeka anakunja pua, anaikunjua, anatazama dari. Baba naye akatazama dari. Chakula kikaletwa, kuku wawili, wali, ndizi, na pamoja na chakula wakaingia nzi.

"Tusameheane," mama akasema, "nadhani kuna panya amekufa mahali." Akatoka, akarudi na ufagio. Akafagia chini ya viti, wageni wakiinua miguu. Hakupata kitu. Akamwita baba wakavuta kabati la vyombo kutoka ukutani, na nyuma ya kabati vikatoka vyote ambavyo mama alikuwa amevificha wiki nzima, kiatu kimoja, sufuria isiyo na kitako, furushi la matambara, kalenda za zamani. Kila nyumba ina vitu vyake nyuma ya kabati, lakini si kila nyumba inavitoa mbele ya watu waliokuja kuikagua. Panya hakuwepo. Harufu ikazidi, maana chumba kilikuwa kinapata joto.

Shangazi Rabeka akasema kwa upole, "Usihangaike, mama, sisi tutavumilia." Neno hilo lilimuumiza mama kuliko tusi. Kisha akamgeukia mwenzake, akashusha sauti, lakini sebule yetu ilikuwa ndogo. "Humu ndimo mtoto wetu atakamokuja kulala?"

Mama akapiga magoti. Alipiga magoti pale pale sakafuni alipopasugua tangu Jumatatu, ufagio bado mkononi, akasema, "Mashangazi, nisameheni. Sijui nimekosea wapi. Nyumba yangu haiko hivi siku zote."

Na mimi? Mimi nilikuwa na paja la kuku. Nililitafuna. Nilitafuna polepole sana, kwa kuwa nilijua mtu mwenye chakula mdomoni haulizwi swali. Nilikuwa najua panya yuko wapi tangu kabla ya hodi, na nikamwacha mama yangu amtafute kwa magoti. Nimefanya makosa mengi maishani, mengine yameniletea hasara kubwa, lakini hilo la paja la kuku ndilo ambalo hata leo likinijia nikiwa shambani nasimama kwanza.

Shangazi Esta hakuwa ametazama dari hata mara moja. Alikuwa anawatazama nzi. Aliwaona wanaingia mlangoni, wanapita juu ya kuku bila kutua, wanashuka na kuingia chini ya kitambaa cha meza ya redio. Akanyoosha fimbo, akakiinua kitambaa kwa ncha, taratibu. Ua likawa linatutazama wote.

Hakuna aliyepumua, na si kwa sababu ya harufu peke yake. Shangazi Esta akauliza, "Mmea huu ni wa nani?"

Baba akanitazama. Mimi nikameza bila kutafuna. Mama, akiwa bado kwenye magoti, akasema, "Ni wangu."

"Wa nini?"

"Ni dawa ya tumbo. Nilisahau kuutoa."

Mama yangu hakuwahi kuchemsha jani lolote isipokuwa mchaichai. Alijua vizuri wataelewa nini wakisikia mwanamke wa kanisa ana mmea wa namna hiyo, umefunikwa kitambaa, chini ya meza inayotazamana na wageni. Shangazi Rabeka akavuta miguu yake nyuma, akaikunja chini ya kiti. Na mimi bado nikanyamaza, mwanangu. Nilikuwa na nafasi ya pili na nikaipoteza kama ya kwanza.

Walimaliza chakula kwa adabu. Saa nane wakaaga. "Tumekula, tunashukuru," Shangazi Esta akasema. "Neno mtalipata." Neno lisilo na siku. Hata mimi niliyekuwa mjinga nilijua maana yake. Akilini nilimwona Tusajigwe anavuka milima ya Ileje kwenda kuolewa na mtu mwingine mwenye nyumba isiyonuka.

Ikabidi niwasindikize mpaka barabarani. Shangazi Esta akanipa mkoba wake niubebe, akawaacha wenzake watangulie, akatembea nami polepole katikati ya mikahawa. Tulipofika mahali penye gogo akasimama. "Nionyeshe mikono yako," akasema. Nikaionyesha. Akaigeuza huku na huku.

"Mama yako nimemshika mkono mara mbili leo. Mikono yake ina jembe na mwiko. Hii yako imechomwa na miiba, na kwenye kucha kuna kokoto. Ule mmea ni wa nani?"

"Ni wangu, shangazi."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa chenji yake sawasawa. "Nimezaa saba na nimeuguza wazee wawili mpaka mwisho," akasema. "Harufu hainitishi. Mimea ya porini nayo hainitishi, bibi yangu aliipanda kuzunguka nyumba. Ninachokiogopa ni kijana anayetafuna kuku huku mama yake anatafuta panya. Leo aibu yako umembebesha mama yako. Kesho utambebesha mtoto wetu."

Nikamwuliza nifanye nini. Akawaita wenzake waliokuwa wameshafika mbali, akasema, "Mimi miguu inauma, lakini kurudi nitarudi. Ulichoniambia mimi kaseme mbele ya waliomwona amepiga magoti."

Mama alikuwa uani anapiga mkeka kwa fimbo, anaupiga kwa nguvu kuliko mkeka unavyohitaji. Alipotuona tunarudi wote wanne aliweka fimbo chini, akajifuta mikono kwenye kanga. Nadhani alifikiri wamerudi kusema hapana ana kwa ana. Uso wake ulikuwa umechoka namna ambayo sikuwahi kuuona umechoka, hata msimu wa kuvuna.

Nikasema, "Mama, ua ni langu. Nililiweka mimi. Nilijua tangu asubuhi, na nilikuacha utafute."

Alinitazama. Akainama, akavua kandambili. Ya kwanza ilinipata begani. Ya pili nilikwepa, ikapita ikatua kwenye sufuria ya maharage iliyokuwa jikoni, mlango ukiwa wazi. Halafu Shangazi Rabeka akaanza kucheka, na yeye akicheka alikuwa anacheka mwili mzima, akamshika mwenzake asianguke. Mama alitaka kuendelea kukasirika, nilimwona anajaribu, akashindwa. Akaketi kwenye mkeka akalia kidogo, akacheka, akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Nilijua ni lako," akaniambia. "Nani mwingine angeweka kopo chini ya kitambaa changu?"

"Sasa kwa nini ulisema ni lako?"

"Wangekukataa. Mimi siolewi tena."

Hapo ndipo nilipolia mimi, mbele ya mashangazi wa mchumba, nikiwa kwenye suruali ya watu. Na baba, ambaye siku nzima hakusema maneno kumi, akaona huo ndio wakati wa kusafisha kila kitu. "Kwa kuwa tunasema ukweli," akasema, "hiyo suruali ni yangu."

Mashangazi hawakuondoka saa nane, waliondoka jua likiwa chini. Walitaka kuona vyote. Nilitoa makopo nyuma ya banda la mbuzi moja baada ya jingine, nikayapanga uani, nikaeleza kila mmea nilipoutoa na kile unachokipenda. Nilikuwa sijawahi kuyaeleza kwa mtu yeyote. Nilisikia sauti yangu inakimbia na sikuweza kuizuia. Shangazi Rabeka aliona mshubiri wa madoadoa, akasema huo upo nyuma ya nyumba waliyozaliwa, na akaanza kunielekeza namna bibi yao alivyokuwa akiutenganisha na watoto wake, vile vichipukizi vya shinani, usibanane. Mimi nilikuwa nabananisha. Nimefuata maelekezo yake mpaka leo. Mama alikuja akasimama karibu, akashika waridi la jangwani kwenye shina, akaniuliza linaitwaje. Miaka yote hiyo, hilo lilikuwa swali lake la kwanza juu ya makopo, na ni kwa sababu sikuwahi kumpa nafasi ya kuuliza.

Wakati wa kuaga Shangazi Esta akasema, "Lile neno tulilosema mtalipata, lipokeeni sasa." Mama akapiga vigelegele peke yake, majirani wakatoka. Kisha shangazi huyohuyo akanivuta pembeni. "Nikatie kidole kimoja cha lile linalonuka. Nitalipanda karibu na mlango wa mbele. Nina wageni wanaokaa sana."

Tusajigwe nilimwona wiki mbili baadaye. Alikuwa ameshasimuliwa. Aliponikaribia alibana pua, nikadhani mambo yameisha kwa kicheko. Hayakuwa yameisha. Aliniuliza kwa nini nilimwambia nakoroma na hili nikamficha, na hapo hakuwa anacheka. Nilimwomba radhi kwa maneno yaliyonyooka, na ilimchukua mwezi mzima kunisamehe. Hapa nilipo anasema ulikuwa mwezi na nusu.

Tulioana, tukapata watoto, makopo yakaongezeka. Mwaka mmoja ikaja mvua ya mawe, ile inayopukutisha kahawa mbichi. Ilipasua vidole vyote vya mmea ule, ndani ya siku chache kopo zima likaoza. Nilikaa chini kama mtu aliyefiwa. Mke wangu hakuniambia pole. Alivaa, akapanda gari mpaka Ileje, akarudi kesho yake na vidole vitano vimefungwa kwenye gazeti. Mlangoni kwa Shangazi Esta mmea ulikuwa umeshakuwa kichaka. Kama siku ile ungebaki siri yangu chini ya meza, leo usingekuwepo kwa mtu yeyote.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Kila mwaka ukichanua tunaita majirani. Watu wanabana pua, watoto wanasukumana nani ainame kunusa. Mama yangu alipokuwa hai alikaa kwenye kiti karibu na kopo, anasimulia habari ya kandambili, na kila mwaka kandambili zilikuwa zinaongezeka. Alipofariki alikuwa amefika sita. Kipande nilichokupa Jumapili, kile ulichokiweka chini ya kitabu cha nyimbo, ni mtoto wa mmea huohuo.

Kwa hiyo nakuambia mapema. Kitashika, kitajaza kopo, kitachanua, nacho hakitachagua siku. Labda baba yako atakuwa na wageni. Labda mama yako atakuwa ndiye anayesogeza kabati.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kitu unachokipenda, kama hakimdhuru mtu, kiweke mahali watu wa nyumbani kwako wanakiona. Watacheka, watakiita majina, wengine watakisogeza kwa kiwiko, na wewe utavumilia kwa kuwa kucheka hakuui. Lakini ukikificha, siku kitakapojitangaza chenyewe aibu haitakuangukia wewe. Itamwangukia aliye karibu nawe na anayekupenda zaidi, naye ataibeba bila kukuuliza. Usingoje umwone mtu huyo amepiga magoti ndipo ufungue mdomo. Jioni ya leo, baba yako akishakula, kaa naye. Mwambie hukuwa kwaya. Mwambie ulikuwa kwa Lameki, una udongo kwenye kucha, na umerudi na kitu kitakachonuka. Namfahamu, atagomba dakika chache, kisha atauliza kinaitwaje.

Mungu akubariki, binti yangu. Azibariki kucha zako zenye kokoto, na kila utakachokichomeka kishike. Akujalie nyumba yenye madirisha mapana, na siku ua lako litakapochanua, akupe watu watakaokimbilia kuyafungua kisha warudi wakae nawe.